Umeniona Wapi?

Jumamosi mvua ilitufungia ndani, tukacheza kibe. Mdogo alijificha nyuma ya pazia, miguu yote nje. Nilipomshika akanuna: "Mama, umeniona wapi?"

Kabla sijafikiri nikamjibu: "Kutoka mbali, mwanangu. Kutoka kule barabarani."

Akachekelea. Dada yake akasema mama mwongo, ulikuwa jikoni. Kweli, nilikuwa jikoni. Lakini jibu lile si langu, ni la hawe, bibi yangu.

Kila likizo ya Agosti, kabla ya kwenda kuokota kuni, alitukumbusha habari za katsumbakazi: ni pepo wa mchana, mfupi kuliko mbuzi, na ufupi wake unamchoma roho. Akikutana nawe atakuuliza umemwona wapi. Ukisema "hapa hapa", umemtukana. Yaani ni mdogo hata haonekani mpaka mtu amkanyage. Huna siku nyingi. Sema "kule mbali", atakwenda zake ameridhika, na pengine akuachie bahati.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa Arabuko-Sokoke, ule msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420 kati ya Kilifi na Malindi, upande wa mchanga, kwenye miti ya mirihi na mibambakofi. Hawe alikuwa anafunga mzigo wake. Mimi nilisikia kitu kikikoroma, khrr, khrr, nikafuata. Kikanyamaza. Nikapenya kichaka, na hapo, hatua tano mbele yangu, alikuwepo.

Kichwa, mabega, mikono miwili iliyoshika majani. Basi. Chini ya hapo hapakuwa na mtu. Nywele, ndevu, hata kope zilikuwa zimejaa unga mwekundu. Alikuwa anatoka jasho, na jasho lilichora michirizi kwenye ule unga mpaka shingoni. Jicho moja lilikuwa linapepesa, lingine limetulia juu yangu. Nakumbuka nzi alitua kwenye sikio lake na hakumfukuza. Nakumbuka pia mkojo wa moto ukishuka mguuni, nikaona aibu, kana kwamba yeye angekwenda kunisemea.

Akauliza, kwa sauti ya chini: "Umeniona wapi?"

"Kule mbali," nikasema. "Kule barabarani."

Uso ukambadilika. Sikuona furaha niliyoahidiwa.

"Na nani?"

Hili la pili hawe hakunifundisha. Nilitafuta jibu kichwani, sikulipata. Nikasema, "Sote."

Akapiga mluzi, akazama ardhini. Nikasikia matawi yakivunjika, miguu ya mtu zaidi ya mmoja, kisha ndege tu. Nilipiga ukelele. Hawe akaja mbio, akatazama kichakani, akatazama lililokuwa nyuma ya kichaka, akatazama panga jipya lililoachwa mchangani. Akaliokota, akalichomeka kwenye mzigo wa kuni. "Si nilikwambia?" Panga lile lilituchongea madafu miaka mingi.

Nilikuwa chuoni nilipoona picha ya wapasua mbao: mmoja juu ya gogo, mwenzake shimoni, msumeno kati yao. Nikacheka peke yangu. Kukata mbambakofi mle kulikuwa marufuku, nami nilimwambia mtu wa watu kwamba anaonekana na kila apitaye barabarani. Nilipofika nyumbani nikamweleza hawe. "Shimo nililiona," akasema. "Kwani uliulizwa, hukuulizwa?"

Sikuwa na la kusema. Hadi leo sijui kwa nini, kati ya maneno yote ambayo mtu aliyefumaniwa angeweza kusema, alichagua yale.

Tangu hapo nimekuwa nikilikusanya swali hilo. Mmisionari W. E. Taylor aliliandika kutoka kwa Wagiriama, watu wa pwani ya Kenya, mwaka 1891. Wazulu wanasimulia kuhusu Abatwa, vijitu vinavyojificha kwenye majani na kupiga mishale ya sumu. Navyo huuliza hivyo hivyo, na jibu ni kwamba nimekuona kutoka mlima ule. Malawi, watu wafupi wa kale huitwa Amwandionerapati, na jina lenyewe ndilo swali: umenionea wapi? Hapo kicheko hunipungua, kwa sababu Abatwa ndilo pia jina ambalo Wazulu waliwaita Wasan, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika, watu wa damu na nyama waliowindwa hadi milimani. Mtu aliyewindwa ana sababu zake za kutaka kujua umemwona ukiwa wapi, na wala si kimo.

Mdogo alijificha tena, pazia lile lile, miguu ile ile. Nikahesabu hadi ishirini polepole, nikiomba asije akaongeza "na nani?"