Bahasha za Dallas, na mtoto wetu asiyeruhusiwa kulipwa

Juzi ghalani ninapofanya kazi hapa Dallas tulikuwa mapumziko, mechi ya vyuo iko kwenye runinga. Jamaa mmoja mzaliwa wa Texas akaniuliza kama ni kweli Tanzania mtu hapati hata leseni mpaka atoe kitu. Sijafungua mdomo, akajijibu mwenyewe: ndiyo maana nchi zenu haziendi mbele. Wenzake wakacheka. Yameniuma, na yameniuma zaidi kwa sababu timu iliyokuwa uwanjani ni SMU, chuo cha hapa hapa mjini, na huyu bwana ni shabiki wake wa damu.

Kwa walio nyumbani: mpira ninaousema ni ule wao wa kushika kwa mikono na kuvaa kofia ngumu. Vyuo ndivyo vinavyoucheza kwa wazimu. Chukua Uwanja wa Mkapa siku ya watani ukiwa umefurika, kisha ujue kwamba hapa chuo cha Texas A&M peke yao wana uwanja wa watu zaidi ya 100,000, na wanaocheza ni wanafunzi. Televisheni inalipa, viingilio vinalipa, jezi zinauzwa. Lakini kwa miongo mingi kanuni ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ilikuwa moja: mchezaji apewe ada, chumba, chakula na vitabu. Zaidi ya hapo, mkosaji.

Sasa wewe uliyekulia kwenye kelele za Simba na Yanga jiulize mwenyewe kitakachotokea matajiri wa mji wakimtaka kijana mmoja wa sekondari na sheria inasema asipewe hata shilingi.

Kilichotokea SMU ni hiki. Wafadhili wa timu, watu wa mafuta na majumba, walikuwa wanawapa vijana fedha kwa siri ili wasajiliwe, kisha kila mwezi ili wabaki. NCAA waliwabana wakawaadhibu mwaka 1985, na chuo kikaahidi kuacha. Hakikuacha. Wachezaji 13 waliendelea kupokea jumla ya dola 61,000 hivi, kuanzia 50 hadi 725 kwa mwezi. Mchezaji mmoja wa zamani akaenda televisheni mwaka 1986 akasema alipewa dola 25,000 ili asaini tu. Februari 1987 ikashuka hukumu ambayo mpaka leo wenyewe wanaiita adhabu ya kifo: msimu mzima wa 1987 umefutwa. Mwaka 1988 pia timu haikucheza, ikarudi 1989, na mpaka 2009 ndipo ilipopata tena mechi ya heshima ya mwisho wa msimu.

Na nani alijua? Bill Clements, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya chuo. Januari 1987 aliapishwa kuwa gavana wa Texas kwa mara ya pili. Machi akakiri mbele ya waandishi kwamba yeye na wakubwa wenzake waliamua malipo yaendelee mpaka vijana walioahidiwa wamalize. Gavana huyo! Akamaliza muhula wake mwaka 1991 kwa amani. Mimi nimetoka nchi ambayo kiongozi akitajwa kwenye kashfa ya namna hiyo tunaambiwa na mabalozi kwamba hatuna utawala bora.

Sitetei rushwa ya nyumbani. Mama mjamzito anayezungushwa hospitali mpaka atoe elfu kumi ameibiwa, na anayempokea ni mwizi. Lakini wale vijana wa Dallas walimwibia nani? Wengi walitoka nyumba maskini, wakajaza viwanja, na fedha waliyoileta ikawalipa watu wazima. Mwaka 2014 Shabazz Napier, aliyechukua ubingwa wa taifa wa kikapu mwaka huo akiwa na chuo cha Connecticut, alisema hadharani kwamba kuna usiku analala na njaa. Bingwa wa taifa! Aprili mwaka huo ndipo NCAA wakaruhusu wachezaji walishwe bila kipimo. Makocha nao? Texas A&M walimfukuza Jimbo Fisher Novemba 2023 na mkataba ukawabana wamlipe zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke. Hizo zilikuwa halali, ziko kwenye mkataba.

Halafu sheria ikageuka. Juni 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliikataa hoja ya NCAA ya kuwazuilia wachezaji marupurupu ya masomo, na Julai mosi mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matangazo na majina yao. Matajiri wakaunda mifuko ya wazi ya kuwalipa. Tangu Julai 2025, baada ya suluhu ya mahakamani, chuo kilichojiunga na mpango huo kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja. Mwaka wa kwanza kikomo ni dola milioni 20.5. SMU wenyewe walipotaka kuingia ligi kubwa ya ACC mwaka 2024 walikubali kukaa miaka tisa bila mgawo wa televisheni, na matajiri wao wakachanga dola milioni 100 ndani ya wiki moja. Mwaka huo huo wakafika mtoano wa ubingwa. Nyuso ni za aina ile ile, fedha ni ile ile, ila sasa ina mwanasheria.

Niseme la watoto wetu, maana hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Nani hajui kwamba Waafrika Mashariki wamewapa vyuo hivi medali tangu zamani? Suleiman Nyambui, wa kwetu Mara, alikuwa mkimbiaji wa chuo cha El Paso, humu humu Texas, alipochukua medali ya fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na mwaka huo huo akawa bingwa wa mbio za nyika wa vyuo vyote. Leo kijana kama yeye akija, anakuja kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Viza hiyo inamruhusu kazi za ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mmarekani wa chumba kimoja naye anatia saini mkataba wa viatu. Kijana wetu akitia, anaweza kupoteza viza. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, mchezaji bora wa kikapu wa vyuo mwaka 2022, ilibidi afanye matangazo yake timu ya Kentucky ilipokuwa ziarani Bahamas, nje ya ardhi ya Marekani. Mtu anaangaza jina la jimbo zima, na kula jasho lake mpaka avuke bahari.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto mwenye mbio au urefu, nisikilize. Wakala anayekudai mamilioni ili akupatie skolashipu, mkimbie. Kocha anayemtaka mtoto atamtafuta mwenyewe, I-20, ile fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi, inatolewa na chuo chenyewe, na ada ya kukaguliwa NCAA unailipa moja kwa moja. Zawadi za mbio za barabarani mtoto alizopokea ziandikwe, maana ataulizwa. Mtu akimwahidi hela ya matangazo akiwa huku, asisaini mpaka aonane na ofisi ya wanafunzi wa kigeni na mwanasheria wa uhamiaji; kocha siyo mwanasheria. Na muulize kocha mapema: ufadhili ni wa mwaka mmoja au minne? Mtoto akiumia goti, nani anamlipia ada? Likizo ya kiangazi atakula wapi? Majibu yaje kwa maandishi, yenye jina la chuo juu yake, kabla hujauza ng'ombe wala kukata tiketi.