TV mbili za bei nafuu: pima kwanza kile usichoweza kuongeza baadaye

Ukishachuja TV za bei nafuu, kwa kawaida zinabaki mbili. Zote inchi 43, bei zimepishana kidogo tu. Moja ni Full HD na boksi lake halina maneno mengi. Ya pili imeandikwa 4K, HDR, rangi bilioni moja, na namba kubwa ya Hz. Wengi hubeba ya pili bila hata kuomba ziwashwe zote. Ushauri wangu ni huu: gawa sifa za kila TV mafungu mawili, zile unazoweza kuziongeza baadaye kwa kifaa cha pembeni, na zile utakazokaa nazo mpaka siku TV inakufa. Sauti huongezwa, programu za intaneti huongezwa, king'amuzi huongezwa. Kioo hakiongezwi, kwa hiyo anza nacho.

TV za bei ya chini karibu zote ni LCD zenye taa za LED nyuma, na vioo vyake viko vya aina kuu mbili, VA na IPS. Kioo cha VA huzuia vizuri mwanga wa taa za nyuma, ndiyo maana cheusi chake kinakuwa cheusi kweli. Kontrasti yake, yaani tofauti kati ya nyeupe na nyeusi, huwa kiasi cha 3000 kwa 1 au zaidi. IPS huishia karibu na 1000 kwa 1, hivyo ukizima taa za chumba usiku, anga la giza kwenye filamu linageuka kijivu. Lakini VA nayo ina lake. Ukikaa pembeni rangi zinapauka na sura za watu zinakuwa kama zimepakwa unga. IPS unaweza kuitazama kutoka ubavuni na rangi zikabaki karibu zilezile.

Basi swali la kwanza linahusu viti vyako. Kama makochi yanaelekea TV moja kwa moja na mnapenda kutazama taa zikiwa zimezimwa, chukua VA. Kama watu hukaa wamezunguka chumba, mmoja huku, mwingine kule karibu na mlango, na TV huwa imewashwa mchana kutwa, IPS itawatendea haki wote.

Boksi halikuambii ni kioo gani kimo ndani. Hata jina la modeli halitoshi, maana modeli moja inaweza kutengenezwa na vioo vya viwanda tofauti. Pima mwenyewe. Weka picha yenye sura ya mtu, simama mbele, kisha tembea polepole hadi pembe ya kama digrii 45. Ikipauka mapema, hiyo ni VA. Ukitaka kuhakikisha, weka picha nyeupe, sogeza kamera ya simu karibu kabisa na kioo na uikuze picha (zoom). Utaona vijistari vya nyekundu, kijani na buluu vimejipanga. Kwenye VA mara nyingi vimesimama wima kama matofali membamba. Kwenye vioo vingi vya IPS vimekunjika katikati kama ncha ya mshale. Tumia vipimo vyote viwili pamoja, usitegemee kimoja.

Sasa tuje kwenye 4K, yenye pikseli (vidoti vinavyounda picha) mara nne ya Full HD, maana ndiyo inayowavuta wengi. Jicho lenye afya hutenganisha vitu viwili vilivyopishana kwa 1/60 ya digrii. TV ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 hivi. Gawanya kwa pikseli 1920 za Full HD, unapata nusu milimita kwa kila pikseli. Kitu cha nusu milimita jicho linaacha kukitenganisha ukivuka mita 1.7 hivi. Kama kochi lako liko mita 2.5 kutoka ukutani, pikseli za ziada za 4K zipo, umezilipia, na huzioni. Kwa inchi 55, yenye upana wa sentimita 122, mpaka huo unasogea hadi mita 2.2. Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini TV ya inchi 32 yenye pikseli 1366 kwa 768 haimkeri mtu aliyekaa mita 2, lakini ukiiunganisha na kompyuta na kuisogelea, maandishi yanakuwa na kingo zilizochanika.

Hii haimaanishi 4K ni ya kukimbia. Kuanzia inchi 50 kwenda juu utaipata hata bila kuitafuta. Ninachosema ni kwamba ukiwa na inchi 43 mbili, ya 4K ina kioo chenye mabaka na ya Full HD ina kioo safi, ya Full HD ndiyo bora.

HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, kwenye daraja hili la bei ipite haraka. Filamu nyingi za HDR huandaliwa kwa mwangaza wa niti (kipimo cha mwangaza wa kioo) 1000 au zaidi, na TV za bei ya chini nyingi hutoa kati ya 250 na 350. Maandishi ya boksi yanamaanisha TV inaipokea ishara ya HDR. Kuionyesha inavyotakiwa ni jambo jingine. Mara nyingi picha inakuwa ya giza kuliko ya kawaida, na watu hudhani TV ni mbovu. Ile namba kubwa ya Hz nayo (mara ambazo kioo hubadilisha picha kwa sekunde), 120 au 200, kwenye TV hizi huwa jina la programu ya kulainisha mwendo; kioo chenyewe ni cha 60Hz.

Kabla hujaenda kuzitazama, andaa flashi. Iformati kwa mpangilio wa FAT32, kwa sababu karibu TV zote huisoma, ila kumbuka haibebi faili moja linalozidi GB 4. Tengeneza picha za rangi moja, pikseli 1920 kwa 1080: nyeusi, nyeupe, kijivu cha kati, nyekundu, kijani na buluu. Ongeza vipande viwili vya video, kimoja cha uwanja wa mpira kamera ikifuata mchezo, kingine cha tukio la usiku. Kazi nzima dukani haizidi dakika kumi kwa kila TV.

Kijivu ndicho kinachofichua mengi. Simama mita mbili na utazame kama kuna michirizi ya wima au mabaka yaliyofifia kama kitambaa kilichofuliwa vibaya. Mabaka hayo ndiyo utakayoyaona kila kamera inapopita juu ya nyasi za uwanja, na hakuna mpangilio wa rimoti unaoyaondoa. Kwenye picha nyeusi tazama pembe nne: mwanga unaovuja kidogo ni wa kawaida, ila ukiona doa linalong'aa kama tochi kwenye kona, kataa. Rangi moja moja ni za kutafuta pikseli zilizokufa. Moja pembeni inavumilika. Moja katikati utaiona kila siku.

Jaribu na video zako. Ikicheza picha bila sauti, mara nyingi sababu ni kwamba sauti ya faili imefungwa kwa mfumo uitwao DTS, na TV nyingi hazina leseni yake. Ni jambo la kujua mapema kwa anayetazama filamu za kwenye flashi.

Taa za nyuma zinastahili muda wako zaidi ya kitu kingine, kwa kuwa ndizo zinazoua TV nyingi za bei ya chini. LED zimepangwa kwenye vipande virefu na kuunganishwa kwa mfululizo, kama shanga kwenye uzi. Moja ikiungua na kukata njia ya umeme, zilizounganishwa nayo zote huzimika, na saketi ya ulinzi mara nyingi huzima hata zilizobaki. Ndipo unaposikia sauti na kioo ni cheusi. Elekeza tochi kwenye kioo chumba kikiwa giza: ukiona picha hafifu ikicheza ndani, bodi na kioo ni vizima, tatizo ni taa. Kuna dalili mbili nyingine zinazotangulia. Picha ikianza kuwa na rangi ya buluu au zambarau, joto limekula kemikali inayoifanya LED iwe nyeupe. Na vidoa vyeupe vya duara vikitokea ghafla, vijilenzi vilivyogundishwa juu ya LED vimedondoka.

Chanzo kikubwa ni joto, na joto linatokana na TV kuachwa kwenye mwangaza wa juu kabisa uliowekwa ili ing'ae dukani. Shusha mwangaza wa taa hadi 50 au 60 kwa mia. Angalia tu usichanganye: kwenye menyu nyingi, Backlight ndiyo inayogusa taa, wakati Brightness hubadilisha ukolezi wa weusi na haizipunguzii taa kazi. Kati ya TV mbili zinazolingana, ningechukua ile ambayo fundi anapata vipande vyake vya taa kirahisi.

Mfumo wa intaneti usikuyumbishe. Kumbukumbu ya kazi (RAM) ya GB 1 itakwama ukifungua programu ya tatu, GB 2 inapumua, na kwenye hifadhi ya GB 8 nusu hivi imeshachukuliwa na mfumo wenyewe. Jihadhari na TV zenye Android tupu isiyo na idhini ya Google, zile ambazo sura yake inafanana na tableti. Nyingi zina Widevine, ulinzi wa filamu dhidi ya kunakiliwa, wa daraja la chini la L3, na huduma kubwa za filamu huzipa picha ya ubora wa kawaida tu hata kama kioo ni 4K. Lakini hilo linatibika: unachomeka kifaa kidogo kwenye HDMI na mfumo wa TV unausahau. Ndiyo sababu matundu ya HDMI ni muhimu kuliko mfumo. Yawe matatu. Mawili yanaisha upesi, moja king'amuzi, jingine kifaa cha intaneti. Kwa TV ya 4K uliza kama HDMI ni 2.0, maana 1.4 hubeba 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde. Tafuta pia tundu la HDMI lililoandikwa ARC, linalopeleka sauti kwenye spika za nje, au tundu la sauti la mwanga (optical), kwa sababu spika za TV hizi ni ndogo na hutazama chini. Siku utakapotaka sauti ya kweli utahitaji njia ya kuitoa.

Mambo madogo, lakini hurudisha watu dukani: kibandiko cha nyuma kionyeshe volti za umeme wako, na kipokea matangazo kiwe cha mfumo wa nchi yako, DVB-T2, ISDB-T au ATSC. Pima umbali kati ya miguu, kwani TV nyingi huwekewa miguu kwenye ncha zake na meza fupi haitaipokea. Ukiitundika ukutani, pima matundu ya VESA (ya nyuma, ya kufungia kishikio cha ukutani), mfano 200 kwa 200 milimita, na usitumie skrubu ndefu kuliko kina cha tundu. Skrubu ndefu huweza kugusa bodi au kusukuma kioo kutoka nyuma.

Nyumbani, chagua hali ya sinema, shusha Sharpness (ukali wa kingo za picha) karibu na sifuri, zima kulainisha mwendo, na kama maandishi ya pembeni yamekatwa, badili ukubwa wa picha uwe halisi. TV isafirishwe imesimama wima, kamwe usiilaze kwa kioo, kwa sababu uzito wake unabana pembe. Usiku wa kwanza rudia picha ya kijivu na nyeusi taa zikiwa zimezimwa. Ukiona doa au ufa ambao dukani haukuwepo, piga picha papo hapo na uitunze pamoja na risiti na boksi, kwa sababu dhamana nyingi hazihusiki na kioo kilichopasuka na muda wa kurudisha huwa mfupi.