Uzoefu wangu wa kupitisha umeme wa mzalishaji binafsi kwenye gridi za manispaa, Afrika Kusini

Kazi yangu inahusu pande tatu: mzalishaji mwenye mitambo ya jua au upepo, kiwanda kinachotaka kununua umeme wake, na manispaa yenye nyaya zilizo kati yao. Agosti 2021 kikomo cha kuzalisha bila leseni kilipandishwa kutoka megawati 1 hadi 100. Januari 2023 kikaondolewa kabisa, ikabaki kujisajili kwa NERSA, mdhibiti wa nishati. Tangu hapo wanunuzi wengi huja wakiwa na bei nzuri waliyopewa na mzalishaji, wakidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Umeme wenyewe hausumbui. Ukishaingia kwenye gridi unaelekea kwenye mzigo (vifaa vinavyotumia umeme) ulio karibu, hauulizi nani kamlipa nani. Ni kama fedha inayowekwa benki Durban na kutolewa Cape Town: noti si zilezile, hesabu ndiyo inayosafiri. Kinachopitishwa kwa kweli ni hesabu ya kila nusu saa, na karibu matatizo yote ninayoyashughulikia yako kwenye mita, ankara na kalenda ya manispaa.

Kwa hiyo mimi huanzia kwa mnunuzi, si kwa mzalishaji. Naomba ankara zake za miezi 12 na kumbukumbu za mita yake za nusu saa kwa kipindi hichohicho. Cha kwanza ninachotazama ni aina ya bei anayolipa. Kama yuko kwenye bei moja ya siku nzima, hakuna njia ya kulinganisha uniti zake na za mzalishaji kwa saa, na lazima kwanza ahamishiwe kwenye bei zinazobadilika kwa saa: kilele, kawaida na saa nafuu. Kuhama huko peke yake kunaweza kumpandishia gharama kiwanda kinachofanya kazi jioni za majira ya baridi, maana Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya bei ya juu. Fanya hesabu hiyo kabla hujamgusia mtu neno mkataba.

Cha pili ni kuichambua ankara. Hapa ndipo bei nzuri nyingi hufia. Tuchukue mfano wa namba za kufundishia tu: kiwanda kinalipa randi 2.10 kwa uniti moja saa za kawaida, mzalishaji anamtolea kwa randi 1.50. Kwa haraka anaokoa senti 60. Lakini ndani ya ile 2.10 kuna gharama ya nishati ambayo manispaa ingeinunua Eskom, shirika la umeme la taifa, kuna gharama ya nyaya na transfoma za manispaa, kuna upotevu, kuna ruzuku kwa kaya maskini, na kuna ziada inayoendesha huduma nyingine za mji. Manispaa humpunguzia mnunuzi kwenye ankara ile sehemu ya nishati peke yake, na hayo ndiyo makato. Ikiwa sehemu hiyo ni randi 1.35, mnunuzi anamlipa mzalishaji 1.50 na manispaa inampunguzia 1.35. Amepoteza senti 15 kwa kila uniti. Bei ya kushindana nayo ni makato, si bei iliyoandikwa kwenye ankara.

Wanunuzi hukasirika wakielezwa hivyo na kuiona manispaa ni mchoyo. Sikubaliani nao. Nyaya zile zingali zinatumika vilevile, na usambazaji wa umeme mijini ni kazi ambayo Katiba imezikabidhi manispaa. Kosa linakuwa pale manispaa inapokataa kutenganisha vipengele hivyo kwa maandishi, ikatoa namba moja isiyoelezeka. Mimi huomba jedwali la vipengele kabla ya mazungumzo mengine yoyote, na kama halipo, najua mradi huo haujaiva.

Kuna jingine la kumweleza mnunuzi mapema: gharama ya kVA, yaani ya kiwango cha juu cha mzigo anachovuta kwa wakati mmoja, haipungui. Paneli zilizo juu ya paa lake hupunguza kile ambacho mita inakiona. Umeme unaopitishwa kwenye gridi haupunguzi chochote pale mlangoni, kwa kuwa mita bado inaona mzigo wote ukiingia. Vilevile laini yake ikizimwa kwa mgao au hitilafu, yeye anazimika, hata kama mitambo ya mzalishaji inazunguka kilomita mia kadhaa kutoka hapo. Anayetaka akiba ya dharura anunue betri au jenereta.

Sasa mita, ambako ninatumia muda mwingi kuliko penginepo. Pande zote mbili zinahitaji mita zinazohifadhi kumbukumbu za nusu saa na kusomwa kwa mbali. Mwezi wa siku 31 una nusu saa 1,488 kwa kila mita. Kwa mzalishaji napendelea mita mbili, moja kuu na nyingine ya uhakiki, kila moja ikiwa na transfoma zake za kupimia (zinazoshusha mkondo na volti hadi kiwango cha mita) au angalau viini vyake tofauti. Mkataba useme tofauti gani kati yake inavumilika, na nani anaitisha upimaji inapozidi hapo.

Makosa ninayoyakuta hurudi yaleyale. La kwanza ni uwiano wa transfoma za mkondo kuingizwa vibaya kwenye programu. Kwenye laini ya kilovolti 11 yenye transfoma za mkondo za 200/5 na za volti za 11,000/110, kizidisho ni 40 mara 100, yaani 4,000. Mtu akiweka 100/5, kila uniti inahesabika nusu, na hakuna kengele itakayolia. Hakiki kwa kushika mkondo kwa klampu upande wa pili wa transfoma huku mzigo ukiwa unajulikana, kisha linganisha na kile programu inachoonyesha dakika ileile. La pili ni fyuzi ya transfoma ya volti kuungua kwenye fezi moja. Mita yenye elementi tatu hushusha hesabu kwa takriban theluthi, na kwa mitambo ya jua hilo hufanana sana na siku ya mawingu. Ndiyo sababu natazama volti ya kila fezi katika kumbukumbu, si jumla ya uniti pekee.

La tatu ni saa, na hili ni la hila. Mita moja ikiwekwa kwa saa ya ulimwengu na nyingine kwa saa ya Afrika Kusini, kuna pengo la saa mbili. Uzalishaji wa jua unaonekana kuchomoza kabla ya jua, na hilo angalau mtu hulishtukia. Lisiloonekana ni la nusu saa moja: mfumo mmoja hupiga alama ya 10:30 kwa maana ya nusu saa iliyoanzia 10:30, mwingine kwa maana ya nusu saa iliyoishia 10:30. Jumla za mwezi zinalingana, ila makato ya mpakani mwa kilele na saa za kawaida yanahama. Tazama nusu saa ya kwanza na ya mwisho ya mwezi katika faili zote mbili. Ikiwa moja inaanza na 00:00 na nyingine 00:30, umeshampata mkosaji.

Baada ya hapo ni kulinganisha. Tuseme katika nusu saa moja mzalishaji ameingiza uniti 1,040 na kigezo cha upotevu wa gridi kimewekwa 1.04. Zinazofika kwenye hesabu ni 1,000. Mnunuzi ametumia 850. Atakatiwa 850, na zile 150 ni ziada. Ziada ndiyo kidonda cha miradi ya jua. Kiwanda kinachofungwa Jumamosi na Jumapili kinamwachia mzalishaji siku mbili kati ya saba bila mtumiaji, takriban asilimia 29 ya umeme wake. Baadhi ya manispaa huinunua ziada kwa bei ndogo, nyingine hazilipi kitu. Kwa hiyo mkataba useme waziwazi: mnunuzi analipia kilichozalishwa au kilicholinganishwa? Mzalishaji ataandika la kwanza, na mnunuzi asiyesoma atalipia umeme wa Jumapili ambao hakuutumia wala hakukatiwa.

Dawa yake ni kuwa na wanunuzi wawili watatu wenye mizigo tofauti, mfano kiwanda cha siku za kazi pamoja na ghala la baridi linalofanya kazi wiki nzima. Hapo manispaa itauliza mpangilio wa kugawa. Kugawa kwa asilimia ni rahisi kuhesabu, lakini ziada ya mmoja haimfikii mwenzake. Kugawa kwa zamu, wa kwanza ashibe ndipo wa pili apate, kunabana ziada vizuri zaidi, ila programu nyingi za ankara haziwezi. Mimi huchagua asilimia mwanzoni, na kuomba ruhusa ya kuzibadilisha kabla ya kila mwezi kuanza.

Programu za ankara ni mlima wake. Mifumo mingi ya manispaa iliundwa kusoma mita mara moja kwa mwezi, kwa hiyo ulinganisho hufanywa nje, kwenye jedwali la Excel, kisha makato huingizwa kwa mkono. Hakikisha yanaingia kabla ya VAT. Yakiingia baada ya VAT, mnunuzi anatozwa asilimia 15 na manispaa, kisha asilimia 15 nyingine na mzalishaji, kwa uniti zilezile. Pia idara ya fedha inahitaji kasma, yaani fungu la bajeti, ya kuyaandikia makato hayo. Wahandisi wa umeme hukubali mradi kwa moyo mweupe, kisha faili hulala kwa mhasibu ambaye hana mahali pa kuiandika. Nimejifunza kumwalika mhasibu kwenye kikao cha kwanza kabisa.

Kalenda nayo haina huruma. Mwaka wa fedha wa manispaa huanza 1 Julai. Rasimu ya bajeti pamoja na bei hupelekwa barazani angalau siku 90 kabla, yaani mwishoni mwa Machi, na bei za umeme zinahitaji idhini ya NERSA. Kama bei ya kupitisha umeme haimo kwenye rasimu ile, kwa kawaida umeukosa mwaka mzima. Mazungumzo ya bei nayafanya kati ya Septemba na Desemba. Na manispaa ikitakiwa kusaini mkataba unaoipa wajibu wa kifedha zaidi ya miaka mitatu ya bajeti, sheria ya fedha za manispaa inadai utaratibu mrefu wa kuushirikisha umma na Hazina. Benki inayomkopesha mzalishaji inataka miaka 15 au 20. Njia inayopita mara nyingi ni kuweka muda mrefu kati ya mzalishaji na mnunuzi, na makubaliano ya kutumia mtandao yanayohuishwa, bei yake ikifuata ile inayoidhinishwa kila mwaka.

Mzalishaji akiwa ndani ya eneo la manispaa, mambo huishia hapo. Akiwa kwenye laini za Eskom, kuna ngazi moja zaidi: Eskom inaipunguzia manispaa kwenye ankara yake kubwa, manispaa ndiyo inampunguzia mnunuzi. Makato ya juu yakichelewa mwezi mmoja, manispaa inaombwa kutoa ambacho haijapokea. Na iwapo manispaa ina deni kubwa kwa Eskom, makato yake humezwa na deni hilo, huku mnunuzi akidai yake taslimu. Kwa hiyo kabla ya kukubali mradi wa aina hii nasoma hesabu za manispaa zilizokaguliwa, ukurasa wa wadai, kwa uangalifu uleule ninaosomea michoro ya kituo cha kupozea umeme.

Jambo la mwisho ninalolitazama ni kifungu cha mabadiliko ya bei. Mwaka 2025 Eskom ilibadili mpangilio wa saa zake: kilele cha asubuhi kikafupishwa kuwa cha muda wa saa mbili, cha jioni kikarefushwa kuwa cha muda wa saa tatu, na pengo kati ya kilele cha baridi na saa nyingine likapunguzwa. Gharama ya uwezo wa uzalishaji nayo ikaanza kutozwa peke yake, nje ya bei ya uniti. Sehemu ya nishati ikishuka hivyo, makato yanashuka nayo, wakati bei ya mzalishaji inapanda kila mwaka kwa mfumuko wa bei uliomo kwenye mkataba. Naweka sharti kwamba mpangilio wa saa au vipengele vya bei vikibadilishwa, pande zote zinakaa upya ndani ya siku 30, na kwamba bei ya mzalishaji haipandi juu ya makato ya saa husika. Mzalishaji wa jua hulipinga sharti hilo. Wa upepo, ambaye jioni bado anazalisha, hulikubali kwa urahisi zaidi, na kwa kiwanda cha zamu mbili ndiye ninayempendekeza hata bei yake ya uniti ikiwa juu kidogo.