Tuliomba tukiondoka, tukifika je?

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii tusome Zaburi 107, hasa mstari wa 23 mpaka 31. Ni habari za watu wa merikebu waliopigwa na dhoruba mpaka akili zikawaishia, wakamlilia Bwana, akatuliza upepo, alafu mstari wa 30 unasema walifurahi kwa vile kumetulia, naye akawafikisha bandari waliyoitamani. Hiyo furaha ndio imenishika. Kufika kwao kungetosha, lakini Neno limeona hata raha yao ni jambo la kuandikwa.

Nimeyawaza haya sababu shule zimefungwa na wengi wetu tunashuka Mombasa na treni ya SGR. Mnajua vile tunatoka Nairobi, mabegi yamepangwa chini mbwa wa usalama wanayanusa, watoto washachoka hata safari haijaanza, mama anakusanya familia mnashikana mikono mnaombea treni, dereva, reli, mpaka wale mtakaokaa nao uso kwa uso na hamjuani. Maombi ya nguvu kabisa! Basi treni inaondoka, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, mkiingia Tsavo kila mtu dirishani anatafuta ndovu, wamekuwa wekundu kwa ule udongo, hata mzee aliyekuwa amelala anaamka. Voi, Mariakani, sweta zinavuliwa, minazi inaanza kuonekana, na ukishuka tu stesheni ya Miritini lile joto la pwani linakupokea mlangoni. Bahari bado hujaiona, kuna matatu ya kuingia mjini na wa Diani wana feri ya Likoni mbele yao, lakini moyo ushafika, na mtoto ambaye hajawahi kuiona anauliza kila dakika iko wapi. Jamani hiyo raha tusiichukulie ndogo, ni Mungu ameitoa.

Sasa angalia hapo stesheni, nani anaomba? Kila mtu anakimbilia mzigo na gari. Nafikiri urahisi umetusahaulisha. Reli ya kwanza ilianza kujengwa kutoka Mombasa 1896 ikafika Nairobi 1899, na kuna waliokufa kwa hiyo kazi, wengine waliliwa na simba hapo hapo Tsavo. Wazazi wetu walipanda treni ya zamani usiku kucha. Hii ya 2017 ni masaa matano au sita, tunaona kufika ni kitu cha kawaida. Lakini Zaburi haipumziki, mstari wa 31 unafuata hapo hapo, wamshukuru Bwana kwa fadhili zake.

Na kuna ndugu wanaona kwenda beach si mambo ya kiroho, wanapumzika huku roho inawashtaki. Someni Marko 6:31, Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi waende kando wapumzike kidogo, maana walikosa hata nafasi ya kula.

Tena tukumbuke behewa ni moja, wewe unaenda kuogelea na jirani yako pengine anaenda kuzika. Msalimie, ukiweza muombee kabla hamjaachana.

Kwa hivyo mnaoshuka wiki hii, kabla ya kupanda matatu simameni kando kidogo, mshukuru kwa sauti, na watoto waachieni waseme kwa maneno yao. Wenye safari mtuambie siku, tutawaombea kuondoka na kufika pia.