Sakafuni, Siku ya Sikukuu

Juzi tulikuwa tunakunja nguo, binti yangu akaniuliza bila hata kuinua macho: "Mama, sikukuu hii utalala tena chini?"

Nilidhani hakuona. Alikuwa mdogo wakati ule, na mlango ulifungwa. Nikamjibu kwamba sijui, labda, na kama nikilala asiogope. Akasema haogopi, anataka tu kujua kama na yeye ataruhusiwa kulala pale. Tangu hapo sijatulia, ndiyo maana naandika.

Ile ilikuwa sikukuu ya kwanza tangu dada afariki. Miezi iliyotangulia nilijikaza vizuri, au ndivyo watu walivyoniambia. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikalala saa chache, nikaamka alfajiri kifua kimebana, nikaanza upya. Siku za kawaida zina huruma yake, hazikuulizi kitu. Sikukuu inauliza. Inataka watu walewale, mahali palepale, wakifanya yaleyale, na hapo ndipo asiyekuwepo anapoonekana kuliko waliopo. Nyimbo za msimu zilipoanza kusikika kila upande, mwili wangu ulijua kabla yangu. Tumbo likavurugika, mabega yakapanda mpaka masikioni, usingizi ukakatika kabisa. Nikawa najiuliza naumwa nini.

Watu walinipa maneno. "Sasa hivi uko hatua gani?" aliniuliza mmoja kwa nia njema, akimaanisha zile hatua tano alizoeleza Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969: kukataa, hasira, kutafuta mapatano, huzuni nzito, kukubali. Lakini daktari yule aliziandika baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe. Hakuwa anampangia mfiwa ngazi ya kupanda. Mimi ningeweza kupita zote tano kabla ya mchana na jioni nikajikuta palepale nilipoanzia.

Sasa ile picha. Kila sikukuu familia yetu inapiga picha moja ya pamoja, na kila mtu ana nafasi yake. Hakuna aliyewahi kuzipanga, zilijipanga zenyewe miaka na miaka. Nafasi ya dada ilikuwa kati yangu na mama, mkono wake mmoja kiunoni kwangu. Mwaka ule tukasimama vilevile bila kufikiri. Aliyeshika kamera ni ndugu yetu, alikuwa anawahi mwanga, akapunga mkono na kusema, "Sogeleaneni hapo katikati, pana uwazi."

Mama akasogea. Hata hatua nzima haikufika. Bega lake likagusa langu, na uwazi ukafungika.

Sikumbuki nilivyoondoka. Nakumbuka zulia la chumba cha nyuma na uzi mmoja uliochomoka karibu kabisa na jicho langu, kwa sababu nilikuwa nimelala ubavu, shavu chini. Hewa haikuwa inaingia. Kadiri nilivyoivuta ndivyo ilivyozidi kupungua. Vidole vikaanza kufa ganzi kimoja baada ya kingine, vikajikunja vyenyewe kuelekea viganjani. Midomo nayo ikafa ganzi. Nikajisemea moyoni: ndiyo hii, moyo unasimama, mama atazika wawili mwaka mmoja.

Aliyeingia ni mama mdogo. Mnaomfahamu mnajua amekuwa mkunga maisha yake yote ya kazi, na chumba chenye mtu anayeteseka hakimpi haraka. Hakuniinua. Hakuniuliza nina nini. Alifunga mlango, akaketi sakafuni kwa taabu maana magoti yanamsumbua, akanigeuza chali, miguu yangu akailaza juu ya kiti, kisha akaweka kiganja chake chini ya mbavu zangu na kukiacha hapo.

"Toa pumzi, mwanangu."

"Haiingii, mama."

"Sijasema uivute. Itoe. Ikiisha yote itaingia yenyewe, hiyo siyo kazi yako."

Nikaitoa. Ilitoka vipandevipande, inatetemeka. Akaniambia nitoe nyingine, midomo nimeibana kidogo, taratibu kuliko nilivyovuta. Hakuhesabu kwa mdomo. Alihesabu kwa kiganja: akikikandamiza kidogo natoa, akikilegeza naacha iingie. Mara mbili tatu nilimwahi, nikavuta kwa pupa, naye akatulia tu na kusubiri nirudi kwenye mkono wake.

"Hewa hukuikosa," akasema. "Umeivuta mno. Vidole vimekufa ganzi kwa sababu hiyo."

Ilinisaidia kuambiwa hivyo kuliko pole zote nilizowahi kupewa. Mtu anapopumua kwa kasi kwa hofu hutoa hewa ukaa nyingi kuliko inavyotakiwa, na ikipungua mno kwenye damu ndipo kichwa kinazunguka na vidole na midomo vinakufa ganzi. Anahisi amekosa hewa na anavuta zaidi, hali inazidi kuwa mbaya. Kumbe kilichokuwa kinanitokea kilikuwa na sababu, kilikuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea. Huzuni sikuweza kuifanya chochote. Pumzi niliweza.

Nje ya mlango kulikuwa na watu. Nilisikia viti vinavutwa, watoto wanakimbizana, mtu anacheka kile kicheko kirefu cha mchana wa sikukuu. Asubuhi nzima vicheko vile vilikuwa vinanichoma, nikaona kila anayecheka amemsahau. Pale chini, miguu juu ya kiti, nikasikia kicheko kwa jinsi kilivyo, cha mtu aliyefurahi kidogo siku moja. Nikakiacha kipite.

Ndipo kilio kilipokuja. Nilitegemea zoezi lile linizuie kulia, na nadhani kwa siri ndicho nilichokuwa nakitaka, nitulie ili nirudi mbele za watu na uso mkavu. Ikawa kinyume. Kifua kilipofunguka, kilio kikapata njia, kikatoka kwa sauti ambayo sikuwa nimeitoa hata siku ya mazishi. Mama mdogo hakuninyamazisha. Kiganja chake hakikuondoka. "Lia," alisema, "lia hukuhuku unatoa pumzi." Kulia, nilikuja kugundua, ni kutoa pumzi kwa muda mrefu. Mwili ulikuwa unaijua dawa ile tangu zamani, mimi ndiye niliyekuwa nimeukaba koo.

Vidole vikafunguka. Nikauona tena ule uzi wa zulia pembeni, nikaushika.

Alinieleza siku nyingine jinsi inavyofanya kazi, na sasa namweleza kila ninayemwona anahangaika. Moyo huenda kasi kidogo tunapovuta pumzi na hupunguza mwendo tunapoitoa. Anayeshika breki hiyo ni neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka shingoni hadi kifuani na tumboni. Ukirefusha kutoa pumzi, ukashuka mpaka karibu mizunguko 6 ya pumzi kwa dakika, unauambia mwili kwa lugha yake kwamba hakuna anayekukimbiza. Ndivyo alivyowapumzisha wanawake wenye uchungu miaka yote, na hakuona sababu ya mfiwa kunyimwa msaada uleule.

Siku iliyofuata alinipeleka hospitali, hataki kusikia visingizio, kwa sababu maumivu ya kifua si kitu cha kubahatisha nyumbani. Wakapima moyo. Daktari akaniambia ipo hali ambapo misuli ya moyo inalegea ghafla baada ya mshtuko mkubwa, kama wa kufiwa. Madaktari wa Japani waliipa jina takotsubo mwaka 1990, jina la chungu cha kutegea pweza, maana moyo huvimba ukafanana nacho. Wangu ulikuwa mzima. Nililia tena kwa kusikia hivyo, sijui kwa nini.

Lakini nirudi kwenye siku yenyewe, maana kuna jambo moja la jioni. Niliosha uso nikarudi kwa watu. Mtu akasema kitu, nikacheka. Kicheko cha kweli, kilinishtua. Nikahisi nimemsaliti dada saa hiyohiyo. Baadaye nilisoma kwamba watafiti wawili, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza mwaka 1999 kuwa mfiwa huyumba kati ya pande mbili. Mara anaikabili hasara yake, mara anaiacha kando na kushughulika na maisha, na kuyumba huko ndiko kunakomwezesha kuendelea. Ningelijua hilo mapema ningekaa mezani kwa amani zaidi. Nilikuwa nimelia na kucheka kabla jua halijazama, na yote mawili yalikuwa yake.

Miezi iliyofuata nitaipita haraka, kwa sababu haina hadithi. Nilianza kutembea asubuhi, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaorekebisha saa ya mwili, na usingizi ukaanza kurudi kidogokidogo. Niliacha pombe, ambayo ilinilaza haraka na kuniamsha usiku wa manane moyo unadunda. Rafiki alinisisitiza niandike, akaniambia mwanasaikolojia James Pennebaker alianza miaka ya 1980 kuwapa watu dakika 15 za kuandika yaliyowaumiza, siku chache mfululizo, na wengi afya yao ikawa nzuri zaidi. Niliandika. Kwa wafiwa matokeo ya tafiti hayakuwa ya kueleweka vile, nami siwezi kudai kuandika kuliniponya. Kulinipa tu mahali pa kuendelea kuongea na dada. Kukandwa mgongo kulinisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu tangu afe hakuna aliyekuwa ananigusa isipokuwa kunipa mkono wa pole.

Kwa anayesoma hapa na kuona hata pumzi, kutembea na kulala haviko tena ndani ya uwezo wake: nenda ukamwone mtaalamu. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022 unaitambua huzuni inayomshika mtu zaidi ya miezi 6 na kumzuia kuishi, na ina matibabu yake. Sakafu na kiganja cha mama mdogo vilinitosha mimi. Vingeweza kutonitosha.

Kilichobaki kigumu ni mama. Nilijaribu kumfundisha zoezi lile, nikamtandikia, nikamletea kiti cha miguu. Akanitazama kwa upole akasema, "Wewe unalala chini peke yako, mimi nikilala chini peke yangu sitaamka." Hapo ndipo tulipozungumza kuhusu picha kwa mara ya kwanza. Nikamwambia nilichohisi aliposogea, kwamba alikuwa anaziba nafasi ya mwanawe. Akashangaa kabisa. Hakuwa hata amemsikia mwenye kamera. Magoti yalikuwa yanamwishia nguvu na aliona bega langu ndilo lililo karibu.

Nimelifikiria hilo sana. Mimi natulia nikiwa mbali na watu, na mtu mmoja tu pembeni yangu. Yeye anatulia akiwa ameegemea. Siku ile kila mmoja alihitaji kitu ambacho mwenzake hakuweza kumpa kwa wakati huohuo, na sidhani kama kuna zoezi la kulitatua hilo.

Mwaka huu tumepanga mapema kidogo. Chumba cha nyuma kitaachwa wazi kwa yeyote atakayekihitaji, bila kuulizwa anakwenda wapi. Mama atakuwa na mtu wa kumshika mkono muda wote, tumepokezana zamu. Suala la picha bado. Kaka anataka tuache uwazi. Mama anataka tusimame tumebanana, na binti yangu, ambaye mwaka hadi mwaka anazidi kufanana na ndugu zangu wote kuliko mimi mwenyewe, amejitolea kusimama katikati. Nimewaambia wanipe muda.