Kutoka Gerezani hadi Ngome Kongwe

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishuka kwenye basi la mwendokasi katika kituo cha Gerezani, Dar es Salaam, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kujiuliza jina hilo limetoka wapi. Kwangu gereza lilikuwa mahali pa kufungia watu, na kituo kilikuwa kituo tu. Siku moja rafiki yangu anayefundisha Kiswahili aliniambia kwamba neno gereza tulilichukua kwa Wareno, na kwamba lilipoingia katika lugha yetu halikuwa na habari yoyote na wafungwa. Asili yake ni igreja, na maana yake ni kanisa. Nilimwomba arudie, nikidhani sikumsikia vizuri, naye akarudia, kisha akaongeza kwamba kama nataka kuona kwa macho namna kanisa linavyoweza kuwa gereza, nipande boti niende Unguja nikaiangalie Ngome Kongwe.

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Wareno walikuwa na nguvu katika mwambao wetu kwa muda wa takriban karne mbili, na walipoondoka walituachia maneno machache ambayo leo hakuna anayeyaona kuwa mageni: meza, leso, bendera, karata, mvinyo. Mengi kati ya hayo ni majina ya vitu vilivyoshushwa kutoka merikebuni, na maana zake zimebaki karibu na zile za mwanzo, kwa kuwa meza ni meza popote itakapowekwa. Gereza peke yake limesafiri mbali. Nadhani wazee wetu waliliona kanisa la Wareno likiwa limezungukwa na kuta na askari, wakaliita jengo zima kwa jina la kile kilichokuwamo ndani yake; baadaye kanisa likatoweka, kuta zikabaki, na jina likabaki kwenye kuta. Kule Kilwa Kisiwani ngome iliyo ufukweni inaitwa Gereza mpaka leo, ingawa hakuna mtu anayefungwa humo.

Basi nilivuka bahari siku ya Jumamosi, nikaweka mzigo wangu kwa mwenyeji wangu, na baada ya sala ya adhuhuri nikashika njia ya pwani.

Barabara inayopita mbele ya ngome inaitwa Mizingani, yaani mahali penye mizinga, na bustani iliyo upande wa pili wa barabara inaitwa Forodhani, yaani mahali pa forodha, ambapo mizigo iliyoingia mjini ilitozwa ushuru. Ukisimama kwenye ukingo wa bahari ukatazama mjini, unaviona kwa pamoja mizinga, forodha na ngome, vyote vikiwa vimebaki katika majina kuliko katika vitu vyenyewe. Nilisimama hapo kwa muda mrefu kabla sijaingia. Ngome ni kubwa kuliko picha zake. Kuta zake ni ndefu, za rangi ya hudhurungi iliyopigwa na jua na mvua, juu zina meno ambayo askari walijikinga nyuma yake, na kwenye pembe pana buruji za mviringo zinazojitokeza nje ya ukuta ili anayelinda aweze kumwona yeyote anayejaribu kujibanza chini. Kushoto, kwa anayetazama kutoka baharini, ipo Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, na ambalo sehemu yake ya mbele ilianguka tarehe 25 Desemba 2020.

Kuanguka kwa jumba lile kulinifanya niutazame ukuta wa ngome kwa karibu zaidi kuliko ambavyo ningeutazama zamani. Nilitafuta mahali ambapo lipu imebanduka, nikaweka kiganja changu. Jiwe lilikuwa la matumbawe, lenye matundu madogo yaliyopangana kama masega ya nyuki, na kati ya jiwe na jiwe palikuwa na chokaa nyeupe iliyogeuka kijivu, ambayo ukiisugua kwa kidole inaacha unga. Jiwe hilo lilikuwa kiumbe cha baharini, na chokaa inayolishika nayo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo mpaka yakalainika, kisha yakazimwa kwa maji. Kwa hiyo ukuta mzima ni bahari iliyosimamishwa wima. Ukuta wa namna hiyo unanywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Ukiupaka saruji, unyevu na chumvi hukosa pa kutokea, na jiwe huanza kuoza kwa ndani huku kwa nje likionekana zima. Nasema hivi kwa sababu katika mitaa ya Mji Mkongwe nimeona nyumba nyingi zilizozibwa nyufa kwa saruji, na kila ninapoiona rangi ile ya kijivu isiyo na uhai juu ya jiwe la matumbawe ninaumia. Chokaa inachosha na inahitaji fundi mwenye subira, lakini ndiyo iliyouweka ukuta huu hapa kwa miaka mia tatu.

Miaka mia tatu ni hesabu ya ngome. Kanisa lina zaidi. Wareno walilijenga kati ya mwaka 1598 na 1612, wakati biashara yao ilipokuwa imekwisha kuota mizizi kisiwani, na jirani yao alikuwa mtawala wa Unguja mwenyewe. Mwishoni mwa karne ya 17 mtawala alikuwa mwanamke, Malkia Fatuma, ambaye jumba lake lilikuwa mahali ilipo Beit al-Ajaib sasa, na ambaye alisimama upande wa Wareno. Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu kule Mombasa kuanzia mwaka 1696, Malkia Fatuma aliwapelekea waliozingirwa chakula. Mombasa ilianguka Desemba 1698, Unguja nayo ikaingia mikononi mwa Waomani, na malkia akachukuliwa mpaka Oman, akakaa huko miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurudi. Washindi walihitaji mahali pa kujilinda haraka, kwa kuwa Wareno wangeweza kurejea wakati wowote. Hawakuanza upya. Walizitumia kuta walizozikuta, wakaongeza zao, wakafunga pembe nne, na kanisa likamezwa ndani ya ngome. Katikati ya karne ya 18 Wamazrui wa Mombasa walikuja kuutwaa mji wakashindwa, na ngome ikabaki mikononi mwa Waomani.

Katika karne ya 19 hapakuwa tena na adui wa kutazamiwa kutoka baharini kwa namna ile ya zamani, na ngome ikawa makazi ya askari na mahali pa kufungia wahalifu. Waliohukumiwa kufa waliuawa nje ya ukuta wa mashariki. Watu wa mji waliiita Gereza, na wageni wa Kizungu walioandika habari za Unguja wakati huo waliliandika jina hilo kama walivyolisikia. Hapo ndipo neno na jengo vilipokutana tena, baada ya kila kimoja kufanya safari yake: jengo lilianza kuwa kanisa, likawa ngome, likawa jela, na neno likapita njia ile ile, hatua kwa hatua, mpaka leo mtoto wa shule akiulizwa gereza ni nini hawezi hata kidogo kufikiria mahali pa sala.

Nililipitia lango nikiwa na haya yote kichwani, nikitaka jambo moja tu, nalo ni kuuona ukuta wa kanisa. Nilikuwa nimesoma kwamba mabaki yake yamo katika ukuta wa ndani wa uwanja mkuu. Ndani nilikuta viwanja viwili vinavyopakana. Kimoja kina maduka ya sanaa, michoro ya Tingatinga iliyoegemezwa ukutani, vikoi, vinyago, na wauzaji wanaokukaribisha kwa upole bila kukushika mkono. Kingine kina ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe za kukalia, uliojengwa katika miaka ya 1990, ambao watu wa Tamasha la Filamu la Zanzibar wameutumia tangu mwaka 1998 na wapenzi wa muziki wa Sauti za Busara tangu 2004. Nilizunguka viwanja vyote mara mbili. Jua lilikuwa la saa tisa, kali, likizipiga kuta zote sawasawa, na kila ukuta ulifanana na mwenzake. Nilitoka bila kuliona kanisa.

Nilipokuwa nikitoka nilikumbuka kwamba reli ya Bububu, iliyoanza mwaka 1905 na kudumu kwa zaidi ya miaka 20, ilianzia maeneo haya haya, na kwamba ngome ilitumika kama karakana na ghala la vifaa vyake. Mwaka 1949 ngome ilikarabatiwa, na uwanja mkuu ukawa klabu ya wanawake, wakicheza tenisi mahali palipokuwa na askari na minyororo.

Forodhani nilikaa kwenye benchi chini ya mti mkubwa mpaka magharibi. Bustani hii iliwekwa mwaka 1936 kwa ajili ya kusherehekea jubilei ya Sultani wa Zanzibar, Khalifa bin Haroub, na wakati huo iliitwa kwa jina la jubilei hiyo; baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaitwa Bustani ya Jamhuri. Watu, kwa upande wao, waliendelea kusema Forodhani, na jina la forodha limeyashinda yale mengine mawili. Kibanda cha bendi kilichobaki katikati ni kumbukumbu ya wakati ambapo muziki ulipigwa hapa kwa watu wa mjini. Kufikia mwanzoni mwa karne hii bustani ilikuwa imechakaa sana, ukuta wa bahari umeliwa na mawimbi na nyasi zimegeuka vumbi, mpaka Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ilipoikarabati na kuifungua upya mwaka 2009. Wapo wanaosema imepoteza sura yake ya zamani. Mimi niliyeiona kabla na baada nasema wazi kwamba ilistahili kukarabatiwa, kwa sababu bustani ya watu isipotunzwa huwa ya mtu mwenye nguvu zaidi.

Jioni ilipoanza, vijana walikuja kujirusha baharini kama wanavyofanya kila siku. Mmoja wao, mwembamba, mwenye kaptula ya bluu, alirudi nyuma hatua kama kumi, akakimbia kwa miguu mitupu juu ya mawe, na alipofika ukingoni akajikunja hewani, magoti kifuani, akazunguka mara moja kamili kabla ya maji kumpokea. Wenzake walipiga kelele. Nyuma yetu wapishi waliovaa kofia nyeupe walikuwa wakipanga mishikaki na pweza, anayekamua miwa akitia tangawizi na ndimu, na moshi wa makaa ukapanda kuelekea kwenye buruji za ngome.

Karibu nami alikaa mzee mwenye kanzu na kofia ya kiua. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza nimetoka wapi na ninatafuta nini, kwa kuwa alikuwa ameniona nikiitazama ngome kwa muda mrefu.

"Natafuta kanisa, mzee wangu."

"Kanisa liko Mkunazini, mwanangu. Hapa si kanisani."

"Natafuta lile la Wareno, lililokuwa ndani ya ngome."

Alinitazama kwa muda, kisha akatabasamu. "Umeingia saa ngapi?"

Nilipomwambia saa tisa, alitikisa kichwa. "Saa tisa huoni kitu, jua liko juu ya ukuta. Ingia asubuhi, mapema, jua likiwa la upande. Usitafute kanisa. Tafuta mahali jiwe linapobadilika." Akaniambia pia kwamba bibi yake, akimtuma sokoni, alikuwa akimwagiza apite Gerezani, na kwamba yeye alipokuwa mdogo alidhani pande zote hizi za mji ni za wafungwa, akawa anapita mbio.

Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa mtu wa kwanza kupita langoni. Wauza sanaa walikuwa bado wanafungua maduka, mmoja akinyunyiza maji kuzuia vumbi, na uwanja mkuu ulikuwa mtupu. Jua lilikuwa linapita kwa ubavu juu ya kuta, na kila jiwe lilikuwa na kivuli chake. Nilitembea taratibu nikiwa nimeusogelea ukuta, mkono wangu ukigusa, mpaka nikafika mahali ambapo ujenzi mmoja uliishia na mwingine ulianzia. Ulikuwa mshono tu, ambao asiyeambiwa angeupita bila kuuona: upande mmoja mawe yamekaa kwa mpango mmoja, upande wa pili yameegemezwa kwa mpango mwingine, na chokaa ya mafundi wa baadaye imefurika juu ya kazi ya wale wa kwanza. Niliweka mkono mmoja huku na mwingine kule. Pande zote mbili zilikuwa na baridi ya asubuhi, na zote mbili ziliniachia unga mweupe viganjani.