Kikapu Katikati ya Jumuiya

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, waliamua kwamba maisha ya Kanisa yasimame juu ya jumuiya ndogo ndogo, yaani familia chache za majirani wanaosali pamoja na kujuana hali. Kwangu hilo la kujuana hali ndilo kiini, kwa kuwa huwezi kumhudumia maskini ambaye hujui hata mlango wake.

Katika jumuiya yetu kikapu huwekwa mkekani kabla ya sala kuanza, na kila aingiaye hutia alichojaliwa: kilo ya unga, kipande cha sabuni, maharage yaliyofungwa kwenye kitambaa. Wiki moja tulisoma Waraka wa Yakobo, sura ya 2, pale anapouliza yafaa nini kumwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani akashibe, ilhali hukumpa kitu. Nilinyamaza, maana maneno hayo nilikuwa nimemwambia bibi mmoja jirani yetu asubuhi ileile, na nilidhani nimembariki.

Baada ya sala tulimpelekea kikapu. Jiko lake lilikuwa baridi, na jivu lake lilikuwa la siku nyingi. Alipokea unga kwa mikono miwili, kisha, kabla hatujaketi, akapima kibaba kimoja na kuomba apelekewe mgonjwa wa nyumba ya tatu, ambaye sisi sote hatukuwa tukimjua.